Kutetemeka msituni sio lazima iwe woga: sumu na siri kwenye mashamba ya bangi

Moyo unaenda mbio, jasho linatoka hata kama ni usiku na kuna baridi, mikono inatetemeka, tumbo linakata, kichwa kinagonga, usingizi hauji. Muulize mtu yeyote aliyewahi kulinda bangi msituni kwa siri atakwambia hiyo ndo hofu yenyewe, ndo maisha ya kule, ukisikia tawi limevunjika unaganda, ukisikia helikopta kwa mbali unalala kifudifudi. Mimi kazi yangu ni sumu, jinsi zinavyoingia kwenye mazingira na kwenye miili ya viumbe, na nikisikia mtu anataja hizo dalili swali langu la kwanza huwa lingine kabisa: pale alipokuwa analala kulikuwa na chupa gani?

Manake hizo ndizo dalili za mtu aliyeanza kudhurika na dawa za wadudu za kundi la kabameti na oganofosfeti. Mwilini kuna kimeng'enya kinaitwa asetilikolinesterasi, kazi yake ni kufuta ujumbe wa mishipa ya fahamu ukishafika, yaani msuli umeambiwa jikunje, umejikunja, basi ujumbe unafutwa na msuli unapumzika. Hizi dawa zinakifunga hicho kimeng'enya kwa hiyo ujumbe haufutiki, tezi zinaendelea kumwaga mate na jasho, misuli inachezacheza yenyewe, tumbo linaharisha, na dozi ikiwa kubwa mapafu yanajaa majimaji na misuli ya kupumulia inachoka, hapo ndo mtu anakufa. Dozi ikiwa ndogo mtu hafi, anapata kichwa, kichefuchefu, jasho, kutetemeka na wasiwasi asioweza kuuelezea. Na kwa kabameti kimeng'enya huwa kinaachiwa chenyewe baada ya masaa kadhaa, kesho yake mtu yuko fiti kabisa, anajicheka, jana nilikuwa naogopa nini sasa. Afu anarudi kwenye chupa ile ile.

Ongeza na hili: wengi wanavuta wanacholinda, na THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, ikiwa nyingi yenyewe inaleta wasiwasi na moyo kwenda mbio. Kwa hiyo mtu yuko peke yake porini, ana sababu tatu za kutetemeka na hana njia ya kujua ipi ni ipi.

Sasa niseme kidogo kuhusu hiyo chupa. Inayonitisha kuliko zote ni kabofurani, nayo ni ya kundi la kabameti, wengi wanaijua kwa jina la Furadan. Kijiko kimoja cha chai kinatosha na kubaki kumuua mtu mzima. Kenya inajulikana vibaya kwa sababu ilikuwa inamiminwa kwenye mizoga kuulia simba, mpaka kampuni iliyokuwa inaitengeneza ikaanza kuirudisha kutoka madukani mwaka 2009. Mwaka huo huo Marekani mamlaka ya mazingira ilifuta ruhusa ya mabaki yake kwenye chakula chochote, maana yake kisheria hakuna mkulima anayetakiwa kuigusa tena kwenye mazao ya kula. Lakini misitu ya umma ya California, kwenye mashamba ya bangi yaliyofichwa, bado imekuwa ikikutwa miaka na miaka baada ya hapo, inaingizwa kimagendo. Mkulima wa kawaida ana duka, ana lebo, ana afisa kilimo wa kumuuliza, ana majirani watakaolalamika akipuliza ovyo. Anayelima kwa siri hana hata mmoja kati ya hao. Anapewa kitu, anaambiwa weka hii wadudu na panya watakoma, basi.

Na kinachonikera zaidi (samahani hapa napandwa na hasira kidogo) ni tabia ya kuhamisha dawa. Inatolewa kwenye chombo chake chenye lebo na alama ya fuvu inamiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa kwa sababu ni nyepesi kubeba, afu hiyo chupa inakaa mita chache kutoka kwenye sufuria ya kupikia. Kwenye mashamba yaliyoachwa hilo ni jambo la kawaida kabisa, makopo ya samaki yametiwa sumu yamewekwa kama chambo, pembeni yake makopo mengine ya samaki ambayo yalikuwa ni chakula cha watu, na ukiyaangalia huwezi kutofautisha. Mtu ameamka usiku ana kiu, haoni vizuri, hataki kuwasha tochi kwa sababu ya siri. Hesabu mwenyewe.

Kundi la pili ni sumu za panya. Hizi ndo zinafanya kazi taratibu na kwa maoni yangu watu wanazidharau mno. Brodifakomu na bromadioloni zinazuia mwili kuitumia tena vitamini K, na bila hiyo vitamini ini halitengenezi vitu vya kugandisha damu. Panya akila hafi palepale, anatembea siku kadhaa akiwa amebeba sumu ndani yake, na kila kinachomla panya kinaibeba pia. Ndo maana utafiti uliotoka California mwaka 2012 ulishtua watu wengi kwenye fani yetu. Walichunguza mizoga 58 ya fisher, huyu ni mnyama wa msituni wa jamii ya vicheche, na 46 kati yao walikuwa na sumu ya panya mwilini, yaani asilimia 79. Wanyama wanaoishi ndani kabisa ya msitu, mbali na nyumba na mashamba halali. Sumu imefikaje huko? Watafiti wakanyoosha kidole kwenye mashamba ya bangi ya kujificha. Kulikuwa hata na mtoto aliyekuwa bado ananyonya, sumu ilimfikia kupitia kwa mama yake. Miaka michache baadaye ikaonekana kwa bundi pia, wale bundi wenye madoa wa misitu ya kaskazini mwa California ambao tayari wanalindwa kwa sababu wamebaki wachache.

Binadamu je? Mwaka 2018 jimbo la Illinois zaidi ya watu 150 waliishia hospitali wakitokwa na damu puani, kwenye fizi, kwenye mkojo, na kuna waliokufa. Walikuwa wamevuta bangi ya bandia, ile ya kemikali inayopuliziwa kwenye majani makavu, na ndani yake kulikuwa na brodifakomu. Haikutoka kwenye shamba la msituni, nisieleweke vibaya, ila ilituonyesha hii sumu inamfanya nini mtu mzima mwenye afya yake: matibabu ni vitamini K1 kwa dozi kubwa, kila siku, kwa wiki nyingi hadi miezi, kwa sababu sumu inajificha kwenye ini na haitaki kutoka.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho nadhani kinapuuzwa. Karibu kila kitu nilichotaja kina tiba. Aliyedhurika na kabameti akifika hospitali mapema anapewa atropini, anasaidiwa kupumua, mara nyingi anapona. Aliyekula sumu ya panya ana vitamini K1. Aliyeumwa na nyoka, aliyevunjika mguu kwenye korongo, aliyezidiwa na joto, wote hao tiba yao inajulikana. Lakini mlinzi wa shamba la siri hapigi simu, kwanza mara nyingi haina mtandao, na hata ukiwepo anapiga kwa nani aseme yuko wapi? Wenzake nao hawataki gari lije mpaka pale. Kwa hiyo wanasubiri. Labda itapita. Na akija kufikishwa hospitali, kachelewa, daktari anauliza umekula nini umeshika nini, anajibu sijui, labda chakula kibovu. Daktari akiamini chakula kibovu anamtundikia maji na kumrudisha nyumbani. Hapo siri yenyewe imekuwa sumu ya pili na hii haina dawa kabisa.

Wengine wala sio shamba lao. Mwenye shamba yuko mjini, aliyelala kwenye turubai ni kijana aliyeahidiwa kazi ya shamba akajikuta mlimani hajui hata njia ya kurudi, chakula kinaletwa mara moja moja, lebo kama ipo iko kwa lugha asiyoisoma. Helikopta ikija anayekimbia ni yeye, na sumu ikimwagika inammwagikia yeye.

Na helikopta ni kweli zipo, hofu yao sio ya kufikirika. California wamekuwa na operesheni maalum ya kung'oa bangi tangu 1983 na wanatumia ndege. Hata baada ya wapiga kura wa jimbo hilo kuhalalisha bangi mwaka 2016 kulima kwenye msitu wa serikali kuu bado ni kosa la serikali kuu, na sheria yao inahesabu miche: ikifika 100 kifungo kinaanzia miaka 5, ikifika 1,000 kinaanzia miaka 10. Ukitega mitego ya kuumiza watu kwenye shamba la namna hiyo hilo ni kosa lingine la peke yake, hadi miaka 10 juu yake. Mitego nimeitaja kwa sababu ipo, kamba nyembamba, ndoano zimening'inizwa usawa wa macho, na anayeipitia mara nyingi sio polisi wala mwizi, ni mtu anayetembea zake au mwenyewe aliyeisahau gizani. Wezi nao wanakuja karibu na mavuno, wakati huo huo wawindaji wamejaa msituni na ndege zinazunguka zaidi, kwa hiyo wiki za mwisho mtu halali. Asiyelala anachanganya dawa vibaya, anamwaga, anapangusa kwa fulana, anaivaa tena.

Moto nao. Agosti 2009, kwenye msitu wa Los Padres, California, moto wa La Brea uliteketeza zaidi ya hekta 36,000, na wachunguzi walisema ulianzia kwenye moto wa kupikia kwenye kambi ya bangi iliyofichwa. Pale ambapo mtu wa kawaida angepiga simu moto ukiwa bado wa ukubwa wa kitanda, hawa waliondoka.

Maji nitapita haraka ingawa yanastahili makala yake. Utafiti wa 2015 kwenye mito midogo ya kaskazini mwa California ulitumia makadirio ya lita 22.7 kwa mche mmoja kwa siku wakati wa kiangazi, na kijito kinachozibwa kwa mawe na plastiki ili mpira upate maji ni kijito hicho hicho samaki wanakitegemea pale kinapokuwa chembamba zaidi. Mara nyingi mbolea na dawa huwa vinachanganyiwa palepale kwenye kidimbwi, kinachofurika kinashuka na maji, na huko chini kuna mtu anachota.

Basi kwa wanaotembea misituni, wawindaji, wachuma uyoga, wafuga nyuki. Ukikuta mpira mweusi wa maji unapita mahali ambapo hapana nyumba wala shamba, au turubai chini ya miti, au chupa zenye maji ya pinki au ya maziwa maziwa, usisogee uone ni nini. Usipige picha kwa karibu, usifungue, usinuse, usinywe maji ya hapo wala mbwa wako asinywe. Rudi kwa njia uliyojia kwa sababu hiyo tayari unajua haina mtego, na ukishafika mbali ndo utoe taarifa. Mbwa akila chochote huko mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo hata kama anarukaruka.

Na kama wewe ndo yule wa kwenye turubai, au ni ndugu yako, sina mahubiri. Ukimgusa mtu aliyemwagikiwa vaa glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi, mvue nguo zote, muoshe kwa maji mengi na sabuni, macho pia kwa maji mengi, usimtapishe, na akianza kutoa mate mengi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano na kifua kinakoroma, hapo ni hospitali sasa hivi, sio asubuhi. Mwambie daktari neno moja, dawa ya wadudu, na kama unalijua jina litaje, kama hulijui piga picha ya lebo, chupa yenyewe iache. Huna haja ya kumweleza shamba liko wapi, yeye anahitaji kujua sumu.

Kama ni ya panya usidanganyike na siku ya kwanza. Mtu atakuwa hana dalili yoyote na hata kipimo cha kuganda kwa damu kinaweza kutoka sawa, kwa sababu mwili bado unatumia akiba yake. Kipimo chenye maana ni cha baada ya masaa 48, kwa hiyo lazima arudi, hata akisema anajisikia vizuri.