Hewa Ukaa Katika Chumba cha Miche: Kiasi Gani, na kwa Nani?

Jirani yangu hapa Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, aligeuza stoo yake kuwa chumba cha miche. Alipaka kuta rangi nyeupe, akaning'iniza taa za LED, akaziba kila ufa ili baridi ya usiku isiingie, kisha akapanda nyanya na pilipili hoho za kuwauzia wakulima wa Bahati. Siku moja akaniita dirishani: "Mwalimu, nasikia mimea hula ile hewa tunayotoa puani. Nikiwasha jiko la makaa humu usiku, si itashiba?"

Nilimwambia asithubutu. Sababu zake zinahitaji maelezo kidogo.

Hewa ukaa ndiyo kaboni dayoksaidi. Huwa tunaisikia ikitajwa kwa ubaya, kwenye habari za tabianchi, lakini kwa mmea ni chakula: jani huifungulia vijitundu vyake, huichanganya na maji kwa nguvu ya mwanga, na kutokea hapo sukari. Kiwango chake hupimwa kwa sehemu katika milioni, zile herufi ppm unazoziona kwenye kioo cha mita. Hewa ya nje leo ina kama 420. Mwaka 1958, vipimo vilipoanza kuchukuliwa Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa kama 315. Ukitaka kuiona kwa macho, mwaga sakafuni magunia manne ya mahindi ya kilo 90. Hapo una punje milioni moja, zikipungua au kuzidi kidogo. Hewa ukaa yote ni konzi mbili za punje kutoka kwenye rundo hilo.

Sasa funga mlango na uwashe taa. Miche inaanza kula hizo konzi mbili na hakuna anayerudishia. Katika chumba kilichozibwa vizuri na kujaa majani, kiwango kinaweza kushuka hadi 200 au chini ya hapo. Kikikaribia 50, nyanya, maharagwe na viazi havipati tena chochote cha ziada: kinachotengenezwa na jani ndicho kinachotumika kwa kupumua kwake. Ubaya ni kwamba njaa hii haina dalili ya wazi. Jani linabaki kijani, mche umesimama tu. Mkulima anaongeza mbolea, halafu anaongeza maji, halafu anamlaumu aliyemuuzia mbegu.

Usiku mambo hugeuka. Bila mwanga mmea hauli hewa ukaa, bali huitoa, kama sisi. Kwa hiyo kuongeza gesi taa zikiwa zimezimwa ni kumwaga pesa, hata kama gesi yenyewe ingekuwa safi.

Wapo wanaopandisha kiwango kwa makusudi hadi 800 au 1,000, na mimea kama nyanya, hoho na waridi hukua haraka zaidi, mradi mwanga, maji na mbolea vitoshe. Kupita 1,500 faida huisha. Mahindi na miwa hunufaika kidogo sana, kwa kuwa majani yake yana njia ya kuikusanya gesi hiyo ndani yake, kwa hiyo mkulima wa miwa wa Muhoroni asihangaike. Katika kaunti yetu hii, shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilitumia kisima cha mvuke cha Olkaria kupasha joto nyumba za waridi, na hewa ukaa iliyopanda na mvuke huo ikaelekezwa kwa maua. Ni kazi nzuri, lakini wao walikuwa na volkano chini ya miguu. Kwa sisi wenye stoo na taa sita, naona kudhibiti hewa ukaa ni kuirudisha 400 ilikotoka. Feni ndogo ya kutoa hewa juu, tundu lenye wavu chini upande wa pili, na saa ya kuiwasha dakika chache kila baada ya muda taa zikiwa zimewaka. Utapoteza joto kidogo, ndiyo. Mche uliokaa kwenye joto bila chakula haukui vilevile.

Hesabu ndiyo iliyomshangaza jirani. Chumba chake kina mita tatu kwa nne, na urefu wa mbili na nusu, yaani mita za ujazo 30. Kuipandisha gesi kutoka 400 hadi 1,000 humo kunahitaji lita 18 tu. Mtu mzima aliyeketi ametulia hutoa kiasi kinachokaribia hicho kwa saa moja.

Sasa turudi kwenye jiko. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hayatoi hewa ukaa peke yake. Hutoa pia kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Moto usiowaka vizuri hutoa pia ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, nayo huangusha maua na kupinda majani. Hata hewa ukaa yenyewe si ya kuchezea. Viwango vya usalama kazini huishia 5,000 kwa siku ya saa nane, na ikifika 40,000 ni hatari papo hapo. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa chini, hivyo mtungi unaovuja ndani ya shimo au chumba cha chini ni mtego.

Upande wa pili wa ua wangu nina uyoga, na huo una tabia tofauti kabisa. Uyoga hauli hewa ukaa, unaitoa mchana na usiku. Nyuzi nyeupe zinapotambaa ndani ya mifuko ya mabua ya ngano, gesi ikijaa haina neno. Ukifika wakati wa kuchipua, uyoga wa chaza hutaka iwe chini ya 1,000. Mara yangu ya kwanza niliogopa kufungua dirisha unyevu usitoke, nikavuna shina refu lenye kofia ndogo kama kifungo cha shati. Nilidhani ni mbegu mbaya. Ilikuwa ni uyoga unanyoosha shingo kutafuta hewa.

Neno kuhusu mita, maana hapa wengi huliwa. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi hazipimi gesi yenyewe, hunusa harufu nyingine na kukisia. Tafuta inayotumia mwanga wa infraredi. Hata hiyo ina kisirani chake: Nakuru tuko mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na mita isiyoambiwa hivyo husoma pungufu kwa karibu moja ya tano. Ukiitoa nje ikasema 340, usikimbie kuirudisha dukani. Tafuta kwanza mahali pa kuingiza mwinuko. Kisumu kosa hilo ni dogo zaidi. Nyingine hujirekebisha zenyewe zikiamini kwamba angalau mara moja kwa wiki zimeonja hewa safi. Ukiiacha kwenye nyumba ya uyoga mwezi mzima, itaanza kukudanganya, kwa hiyo itoe nje mara kwa mara.

Jirani aliweka feni. Mwanzoni alinilalamikia kwamba mita inapanda hadi 900 kila alasiri hata feni ikiwa imezimwa, akashuku nimemwazima kitu kibovu. Nikamuuliza huwa anafanya nini saa hizo. Hukaa humo na mkewe, mlango umefungwa, wakihamisha miche kwenye trei na kusikiliza redio.