Gesi ya AC haiishi kama ya jikoni

Jamani ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, hii ya "kila mwaka lazima ujaze gesi" tuiache sasa. Watu wanaiamini miaka na miaka, joto likianza tu fundi anaitwa, anajaza, analipwa, mwakani tena hivohivo.

Gesi ya AC haiungui kama ya kupikia. Inazunguka humohumo kwenye mabomba, kompresa inaisukuma, inabeba joto la chumbani inaenda kulitupa nje, inarudi. Mfumo umefungwa kabisa, kwahiyo ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, na ukijaza bila kuziba ni sawa na kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka, hela yako inapotea hewani kweli.

Na sisi wa pwani tuna adui wetu, chumvi. Nyumba za Shangani au Mikindani huku Mtwara, pale karibu na bahari, upepo wa chumvi unakula koili ya nje (yale mabomba membamba ya unit ya nje) taratibu mpaka inatoboka. Unit ya nje ioshwe kwa maji masafi mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa.

Pia AC isipopooza usikimbilie gesi, mara nyingi ni filta imejaa vumbi tu, hiyo unaosha mwenyewe bure. Kama kweli gesi imepungua, mwambie fundi atafute tundu kwanza, hata kwa povu la sabuni kwenye maungio, azibe, avute hewa yote kwa pampu, ndo ajaze kwa kupima kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko. Hapo bei itapanda kidogo, lakini unalipia matengenezo.