Nikate wapi? Kidumbak, redio ya jamii na mwenye wimbo

Kidumbak, ngoma ya harusini huku Unguja, hakina wimbo mmoja. Mwimbaji akishaanza huunganisha: anatoka kwenye ubeti wa taarab unaovuma mwaka huu, anaingia wa zamani, anachomeka mawili matatu ya papo kwa papo kwa walio mbele yake, na ngoma haijasimama. Dakika ishirini, nusu saa, mara nyingine saa nzima. Kazi yangu ni kuipeleka ngoma hiyo hewani kila Jumamosi usiku, kwenye redio ya jamii huku shamba, Unguja. Vijana wanaokuja kujifunza kazi huniuliza swali moja kabla ya yote: "Mwalimu, nikate wapi?"

Jibu langu la kwanza ni kwamba hukati. Zile dakika tatu tulizozizoea redioni hazikutoka kwa wapiga ngoma, zilitoka kwenye santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, na upande mmoja wa santuri ya kawaida ya mizunguko 78 ulibeba kiasi cha dakika tatu tu. Wimbo ambao barazani ungekesha ilibidi ujibane humo. Santuri zimekwenda, kaseti zimekuja na kuondoka, siku hizi ni faili, na kipimo kile bado kimo vichwani mwa watangazaji kana kwamba kilizaliwa na muziki wenyewe. Kituo cha biashara kina sababu ya kukishika, kwa kuwa baina ya nyimbo kinauza matangazo. Sisi hatuna sababu hiyo. Katika saa yangu moja napiga mkupuo mzima wa kidumbak, tangu fidla inapojaribu nyuzi mpaka vigelegele vya mwisho, halafu mara nyingi nabakiwa na nafasi ya kuzungumza na mpigaji mmoja. Wasikilizaji hawajapata kulalamikia urefu. Wanalalamika nikizungumza huku ngoma inalia.

Kwa msomaji ambaye hajakiona kidumbak, ni ndugu wa taarab aliyebaki mitaani na mashamba. Taarab ya vilabu, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 au Culture kilichoanza 1958, ina kanuni, udi, nai, fidla kadhaa, akodiani, na waimbaji waliotulia kwa staha. Kidumbak kina fidla moja inayokwenda mbio, ngoma mbili ndogo ambazo ndizo vidumbak vyenyewe, cherewa za vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu, mkwasa wa vijiti viwili, na sanduku. Sanduku ndilo besi: boksi la mbao, zamani la chai, uzi mmoja na fimbo. Mpigaji huivuta fimbo uzi ukakaza na sauti ikapanda, huilegeza ikashuka.

Sanduku hilo ndilo lililonifunza kurekodi. Miaka yangu ya mwanzo niliweka maikrofoni moja mbele ya kundi, usawa wa mwimbaji, nikarudi studio, nikasikiliza kwenye spika kubwa, nikaridhika. Jumamosi kipindi kilipokuwa hewani nilikuwa kwa shangazi yangu, redio yake ndogo iko juu ya dirisha la jiko, na sanduku halimo. Ngoma imekatwa miguu. Spika ya redio ile, upana wa kiganja, haiwezi kutoa sauti nzito. Chini ya hezi 150 hivi inakaribia kuwa kimya, na huko ndiko sanduku linakokaa. Simu ndiyo haina kitu kabisa. Mtambo wa FM hauna kosa hapo, ule unaibeba besi yote. Inapotelea nyumbani kwa msikilizaji.

Mwanafunzi wangu yeyote hapo angekimbilia kuongeza besi. Ukiongeza, unatia nguvu kwenye kitu ambacho spika haiwezi kukitoa, na badala ya kusikia sanduku unamsikia mwimbaji akianza kukwaruza. Dawa yake ni maikrofoni ya pili, na unaiweka karibu na mkono wa mpigaji, pale kidole kinapoudonoa uzi, mbali na tundu la boksi. Mdono ule una sauti za juu ambazo redio ndogo inaziweza, na sikio la binadamu likizipata hizo hujijazia lenyewe uzito uliokosekana. Wiki iliyofuata nilirudi kwa shangazi makusudi. Sanduku lilikuwepo, likitembea.

Mengine ya kurekodi ni mepesi. Kaa chini ya mwembe kuliko chini ya bati, kwani bati hurudisha kila kitu na mvua ikinyesha umekwisha. Maikrofoni ivae kifuniko cha manyoya, hasa upande wa pwani na msimu wa kusi. Usirekodi kutoka kwenye zile honi za harusini, rekodi watu. Sauti kubwa kabisa unayoitegemea iishie kama desibeli kumi na mbili chini ya kikomo, kwa sababu vigelegele havipigi hodi. Na kwenye msewe, ngoma iliyopata jina lake kwa njuga zinazofungwa miguuni mwa wachezaji, iteremshe maikrofoni moja mpaka karibu na ardhi. Nimesikia rekodi za msewe zisizo na miguu, na kwangu hizo si msewe.

Gumu kuliko maikrofoni ni kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha akiwa anaimba. Harusini wimbo ukifika ubeti unaomgusa mtu, mama huinuka na noti mkononi akaenda akicheza taratibu mpaka kwa mwimbaji, na kila aliyepo anajua anamwambia nani. Mwimbaji hakumtaja mtu. Mtunzi pengine aliliandika shairi lile miaka arobaini nyuma, mjini, juu ya jambo lake mwenyewe. Lakini noti imekwisha kuliandikia anwani. Redio inayosikika nchi nzima ikiupiga wimbo huo, unabaki wimbo. Redio yetu inasikika katika vijiji ambavyo watu wake wanaoana, wanadaiana na wanazikana. Ukiurusha ubeti pamoja na vigelegele vya usiku ule, na sauti ya mwimbaji akimsifu aliyetunza kwa jina, umeufikisha ugomvi kwenye kila jiko.

Kosa hilo nimelifanya. Asubuhi yake mama mmoja alikuja mpaka mlangoni kwetu. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Hakupaza sauti. "Mwanangu," akasema, "pale harusini niliimbwa mbele ya watu hamsini. Wewe umeniimba mbele ya shamba zima." Nilimwomba radhi, na nilikwenda kumwomba tena nyumbani kwake, kwa mumewe na mama mkwe wake, kwa sababu nao walisikia.

Tangu siku ile, hapo ndipo ninapokata. Majina ya waliotunza hayatoki, wala maneno ya papo kwa papo yaliyoelekezwa kwa mtu, hata yawe matamu namna gani, na huwa matamu sana. Kabla ya harusi naomba ruhusa mara mbili, kwa kiongozi wa kundi na kwa mwenye shughuli, na siku ya pili narudi na simu yangu wasikilize kile nitakachokirusha. Kijana akiniuliza tena akate wapi, namwambia aitazame saa baadaye, kwanza amuulize mwenye wimbo.

Kuna vitu sirekodi kabisa. Maneno ya unyago ni ya wanawake wa ndani, na mimi ni mwanamume. Hata mwenzangu wa kike, aliyechezwa mwenyewe, hachukui mashine mle. Vijana hunitolea mfano wa Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiwa ameipeleka ngoma ile kwenye majukwaa ya Ulaya. Huwajibu kwamba Bi Kidude alikuwa mwenyewe. Alikuwa kungwi, alijua nini cha kufungua na nini cha kuacha ndani. Kwetu mwenzangu alikaa na makungwi watatu mchana mzima, wakaamua wenyewe: mapigo ya ngoma bila maneno, ruhusa, wimbo mmoja wa kumsifu mama, ambao hata watoto wanaujua, ruhusa, yaliyobaki hapana. Tulipata dakika sita hivi. Nazithamini kuliko saa sita za kuiba.

Ratiba nayo inafuata kalenda ya watu. Ramadhani ngoma hulala, saa yangu inachukuliwa na kasida. Mfungo Sita tunaweka Maulidi ya Homu, wale wanaume waliopiga safu wakiyumba pamoja huku matari yakienda taratibu kisha yakipanda. Hapo maikrofoni mbili zikae mbali kidogo, kushoto na kulia ya safu. Ukisogea utamrekodi mtu mmoja, na ile ni sauti ya wengi.

Kisha kuna kaseti. Karibu kila nyumba huku ina mfuko wa kaseti za harusi za miaka ya themanini na tisini, na nyingi ndizo rekodi pekee za kundi ambalo halipo tena. Tukiletewa, kwanza tunaukimbiza utepe wote mbele na kuurudisha nyuma ili uachane, maana joto na chumvi huugandisha. Tunasafisha kichwa cha mashine kwa spiriti. Halafu kuna kiskrubu kidogo pembeni ya kichwa, ambacho wengi hawakigusi: kaseti ilirekodiwa kwenye mashine nyingine, na kichwa chako kikisimama kwa pembe tofauti na cha mashine ile, sauti za juu zinazimika. Ukikizungusha kidogo kidogo huku ukisikiliza cherewa, inafika mahali cherewa zinafunguka kama mtu ameondoa blanketi. Hapo ndipo unapoanza kunakili, mara moja, bila kusimamisha. Kaseti inarudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Hatubaki na mali ya mtu.

Na kila nakala ina kadi yake: nani alipiga nini, kijiji gani, shughuli ya nani, nani aliruhusu, kipi kisirushwe. Redio zetu hizi zilikua na kadi za salamu, watu wakinunua kadi na stempu ili jina lao na la jirani yao lisomwe. Mtu aliyepiga sanduku usiku kucha anastahili angalau hilo. Kwa hiyo kabla ya mkupuo nasoma majina yote, mpaka wa mkwasa. Wenzangu wa vituo vikubwa huniambia ninapoteza dakika mbili, nami nasema hizo ndizo dakika ambazo kijiji kizima kinanyamaza. Malipo yetu ni madogo: nauli, chakula, na karatasi inayosema wazi kwamba rekodi ni yao na sisi tumepewa ruhusa ya kuirusha. Wanaotunga nyimbo zao wenyewe tunawaelekeza COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, wakasajili kazi zao. Mcheza kwao hutunzwa, na ningependa tufike mahali pa kutunza kwa fedha ya maana.

Nakala moja ya kila rekodi naipeleka kwa kundi lenyewe kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, kwa kuwa simu ndiyo redio ya wengi sasa. Juzi nilimpelekea mzee mmoja mpiga fidla nyimbo za harusi ya mwaka 1991, tulizozinakili kutoka kaseti ya jirani yake. Alisikiliza amefumba macho, simu ameilaza juu ya goti. Nikamsomea kadi. Akanizuia kwenye sanduku.

"Siye huyo. Huyo alikuwa anaumwa siku ile, tulimchukua mdogo wake. Hebu sikiliza anavyochelewa kidogo kuilegeza fimbo. Kaka yake hachelewi."

Tukaurudisha wimbo mwanzo, tukasikiliza tena wote wawili. Kweli, anachelewa. Nikafuta, nikaandika jina la mdogo mtu.