Dhahabu ya kushikika sio dhahabu ya kushika

Wiki hii nimemsikia tena mtu anasema "nimehamishia akiba yangu ya uzeeni kwenye IRA ya dhahabu, saa hizi mali naishika mwenyewe mkononi", na waliomzunguka wote wanaitikia. Jamani. Hili linaniuma kwa sababu mtu anaweza kupoteza hela ya miaka mingi kwa neno moja tu.

IRA ni akaunti binafsi ya kustaafu ya Marekani, ipo tangu sheria ya 1974, unapata nafuu ya kodi kwa masharti kwamba hela ikae mpaka umri uende. Wengi wanaweka humo hisa na hati fungani. IRA ya dhahabu ni mfuko uleule, ila ndani kuna madini yenyewe: dhahabu, fedha, platinamu au paladiamu. (Hiyo fedha ni madini, sio hela, na ndo maana ya asili ya neno, Waarabu wakisema fidda wanataja madini, sisi ndo tukalipatia neno hilo kazi mbili.) Basi, maana ndo hiyo.

Sasa tatizo. Wauzaji wanasema ni dhahabu "ya kushikika", na wako sawa, wanamaanisha ni kitu chenyewe, sio hisa ya mgodi wala karatasi inayofuata bei. Njiani huko silabi moja ikadondoka, watu wakasikia "ya kushika". Lakini hiyo -ik- ndo yenye kazi yote! Mlango unafungika, haina maana umefungwa. Maji yananyweka, haina maana yako tumboni mwako. Kushikika ni sifa ya kitu, kushika ni tendo la mtu, na kwenye IRA mtu anayeshika sio wewe, ni benki au kampuni iliyoidhinishwa na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) kutunza, dhahabu inakaa kwenye ghala lao na wewe unapata taarifa ya akaunti.

Chukua sarafu ya American Eagle ya aunsi moja. Uzito wake karibu gramu 34, dhahabu safi humo gramu 31.1, inayobaki ni fedha na shaba za kuipa ugumu. Kwa kawaida dhahabu ya kuingia IRA inatakiwa iwe safi kwa asilimia 99.5, hii haifiki hata 92, ila sheria imeiruhusu yenyewe, wakati Krugerrand ya Afrika Kusini yenye usafi uleule imekataliwa. Watu wanaona upendeleo huo wanadhani basi Eagle unaruhusiwa kukaa nayo nyumbani. Mwaka 2021 mahakama ya kodi ya Marekani iliamua kesi ya mama mmoja aliyefanya hivyohivyo, IRA yake ilikuwa na kampuni, kampuni ikanunua Eagle, yeye akaziweka kwenye sefu nyumbani kwake. Mahakama ikasema kwa kuzishika tu ameshazitoa kwenye akaunti, kwa hiyo thamani yake ni kipato na kinalipiwa kodi. Na anayetoa kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida anaongezewa asilimia 10 juu yake.

Halafu Kiswahili kina neno kabisa la hali hii: amana. Limetoka kwenye Kiarabu, mzizi mmoja na imani na kuamini, maana yake mali yako ukaikabidhi kwa mwingine akutunzie. Ni yako, ila haiko kwako. Sijui kwa nini hatulitumii, tunakimbilia "mkononi".

Kwa hiyo ndugu yangu uliyesema unaishika, hujakosea kuwa na dhahabu, na inashikika kweli, ila sema "dhahabu yangu iko amana", na kama kweli iko kabatini kwako basi nenda kamuone mtu wa kodi mapema.