Ukimlalamikia mwongozaji, unampelekea nani?

Tangu mwisho wa 2024 kila nikikaa na vijana wa filamu huniuliza swali lile lile: "Dada, kati ya Blake Lively na Justin Baldoni, wewe uko upande wa nani?" Hao ni waigizaji wawili wa Marekani waliofikishana mahakamani. Mimi ni meneja wa uzalishaji. Kazi yangu ni ratiba, mikataba, posho na chakula cha watu sitini. Kesi ile nikiisoma, jicho langu linaanzia kwenye jambo dogo la kiofisi, yaani nani alikuwa chini ya nani. Hapo palikuwa pabovu kabla kamera haijawashwa.

Kwa wasioifuatilia: filamu ni It Ends With Us. Baldoni aliiongoza, akaigiza kama mhusika mkuu wa kiume, na pia ni mmoja wa waanzilishi wa Wayfarer Studios, kampuni iliyoitengeneza. Lively ndiye mhusika mkuu wa kike. Upigaji picha ulianza Mei 2023 huko New Jersey, ukasimama kwa migomo ya waandishi na waigizaji, ukaendelea tena Januari 2024. Agosti mwaka huo filamu ikaingia kumbini na kuvuna zaidi ya dola milioni 300. Desemba Lively akapeleka malalamiko kwenye idara ya serikali ya California inayoshughulikia haki za kiraia, kisha akafungua kesi New York. Alidai kwamba alisumbuliwa kingono kazini, na kwamba baada ya kusema, wataalamu wa kujenga na kubomoa majina ya watu walikodiwa wamchafue mtandaoni. Baldoni na wenzake walikanusha yote. Januari 2025 nao wakafungua kesi yao ya dola milioni 400 dhidi ya Lively, mumewe Ryan Reynolds na msemaji wa Lively, wakisema madai yale yalikuwa fimbo ya kuwanyang'anya filamu.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwigizaji. Anayekukumbatia mbele ya kamera ndiye anayesema "kata". Akishasema kata, ndiye anayeamua kama mtarudia. Na ukitaka kulalamika kwa kampuni, kampuni ni yake. Mtu huyo hata awe malaika, hii ni ile kesi ya ngedere, hakimu nyani. Sisemi kwamba yaliyodaiwa yalitokea, hilo ni la mahakama. Ninachosema ni kwamba mpangilio wa namna hii hauna mlango wa kulalamikia, na nyumba isiyo na mlango watu hutokea dirishani.

Kuna video ambayo huwaonyesha vijana ninaowafundisha. Mawakili wa Baldoni waliitoa Januari 2025, karibu dakika kumi, picha ghafi za tukio la kucheza muziki taratibu. Filamuni sehemu ile ilikuwa ya kupita na muziki, bila maneno, kwa hiyo wawili wale wanaongea yao huku wakicheza. Lively anapendekeza wahusika wawe wanaongea kuliko kuwa wanabusiana. Baldoni anasogea, wanacheka, wanataniana kuhusu pua. Upande wa Baldoni ulisema: mnaona, kazi ya kawaida, watu wawili wanaheshimiana. Upande wa Lively ukaichukua video ile ile na kusema: mnaona, kila mguso ameubuni papo hapo, hakuna lililokubaliwa kabla. Waangalie sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, hutapata jibu. Na hutalipata kwa sababu jibu halikai kwenye picha, linakaa kwenye karatasi iliyopaswa kuandikwa siku mbili kabla: atagusa wapi, mdomo utafika wapi, nani atasema basi. Marekani siku hizi kuna mtu maalumu wa kazi hiyo, mratibu wa matukio ya faragha. HBO, kituo cha televisheni cha huko, walianza kumtumia mwaka 2018 na desturi ikasambaa. Hayupo kwa ajili ya kumlinda mwigizaji wa kike peke yake. Mwongozaji aliye na karatasi ile mkononi hahitaji kuja kutoa video miaka miwili baadaye.

Karatasi ilikuja, lakini kwa kuchelewa. Novemba 2023, mgomo wa waigizaji ulipokwisha, Lively hakurudi kazini mpaka kampuni ilipokubali masharti 17. Mratibu awepo anapoigiza matukio ya faragha, pasiwe na busu la kubuni, watu wasiingie kwenye chumba chake akiwa hajavaa, na kadhalika. Binafsi sharti ninaloliona zito kuliko yote ni lile la kutolipiza kisasi kwa sababu ya kulalamika. Sehemu kubwa ya kesi iliyofuata ilisimama juu ya neno hilo, kisasi. Watu mtaani walibishana kuhusu busu, mawakili walibishana kuhusu yaliyofanywa baada ya busu.

Halafu kuna ugomvi wa filamu yenyewe. Upande wa Baldoni ulilalamika kwamba Lively alianzia kwenye mavazi na maandishi ya tukio moja, akafika mpaka chumba cha uhariri, na toleo lake ndilo lililoonyeshwa kumbini. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani lazima wachague: ama alisumbuliwa, ama aliitaka filamu. Jamani, nimekaa kwenye seti miaka mingi. Mtu anaweza kuitaka filamu kwa nguvu zote na bado akawa ameguswa asipopenda. Mwingine anaweza kuwa ameporwa kazi yake na bado akawa amemkosea aliyempora. Tamaa ya mtu haifuti lalamiko lake, wala haitoshi kulithibitisha.

Juni 2025 Jaji Lewis Liman aliitupa ile kesi ya dola milioni 400. Sehemu ya sababu ni kwamba maneno uliyoyapeleka kwenye chombo cha serikali kama malalamiko yana kinga, huwezi kushtakiwa kwa kashfa kwa sababu yake. Lakini iliyonigusa mimi ni nyingine. Kuhusu dai la kwamba Lively alitishia kutorudi kazini ili apate alichotaka, jaji hakuona kwamba ilionyeshwa ni unyang'anyi kwa vitisho. Kubana kwenye majadiliano na kutaka mazingira ya kazi yabadilishwe ni jambo ambalo sheria inaliruhusu. Nilisoma mara mbili. Kwetu mtu akibana hivyo tunasema ana kiburi, na jina lake haliitwi tena.

Nami sijatoka safi. Miaka kadhaa nyuma, kwenye tamthilia moja hapa Dar, binti wa vipodozi alinifuata nyuma ya jenereta akaniambia mwigizaji wetu mkuu haachi kumshikashika. Nilimwamini papo hapo. Nikafanya nililoliona la busara: kesho yake nikamhamishia kikosi cha pili, mbali na yule bwana. Kikosi cha pili kilikuwa kinafanya kazi siku mbili kwa wiki. Mwisho wa mwezi alikuja kuchukua posho, akazihesabu noti, akazihesabu tena, akaniuliza, "Dada, kwani mimi ndiye niliyekosa?" Yule bwana alikuwa amelipwa siku zote ishirini na nne. Sikuwa na nia ya kisasi hata chembe, lakini mfukoni mwa binti yule kilikuwa kisasi.

Sheria tunazo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauhesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Tatizo ni kwamba seti zetu zina watu sitini na waajiriwa wanne, wengine wote ni wa kuitwa kwa simu. Ukiwauliza wenye kampuni watakuambia hatujafika 20.

Siku hizi ninafanya mambo mawili tu. Anayelalamika hahamishwi bila kukubali mwenyewe, na akihama analipwa siku zile zile. La pili, chini kabisa ya ratiba ya kila siku, baada ya saa ya chakula, naweka namba ya simu ya mama mmoja mstaafu asiye na hisa, asiye na ndugu kwenye seti, na asiyejua hata mwongozaji ni nani. Prodyuza alicheka. Wiki mbili simu haikulia. Ya tatu akapigiwa na kijana wa taa, analalamikia wali umekuja mbichi. Tukabadilisha mpishi.

Jumatatu iliyofuata ikaja simu nyingine. Hiyo haikuwa ya wali.