Moshi na Moyo: Dhana Potofu Kuhusu Chembe za Hewa Chafu, na Ukweli Uliopatikana

Mtu anapofariki ghafla kwa mshtuko wa moyo, jamaa huuliza kuhusu presha, sukari, chumvi, mafuta na sigara, lakini ni nadra mtu kuuliza marehemu alikuwa akivuta hewa ya namna gani. Swali hilo limefanyiwa utafiti kwa takriban miaka 50, na majibu yake bado hayajawafikia watu wengi kadiri inavyostahili. Kinachozungumziwa hapa ni chembe ndogo mno zinazoelea hewani, ambazo wataalamu huziita PM2.5 kwa kuwa kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70. Hutoka kwenye injini za dizeli, mkaa, kuni, takataka zinazochomwa, viwanda na mitambo ya umeme inayotumia makaa ya mawe, na nyingine huundwa angani kutokana na gesi.

"Hewa chafu hudhuru mapafu, moyo hauhusiki."

Ni rahisi kuona kwa nini watu huamini hivyo, kwa kuwa anayeingia jikoni penye moshi hukohoa, hashiki kifua. Takwimu za vifo zinaonyesha jambo jingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2, na takriban asilimia 68 ya vifo hivyo vilitokana na ugonjwa wa mishipa ya moyo na kiharusi.

Mapafu ni mlango tu. Chembe hizi hupita puani na kooni bila kunaswa, zikafika kwenye vifuko vidogo kabisa vya mapafu, mahali ambapo hewa na damu hutenganishwa na utando mwembamba sana. Kinga ya mwili huzishambulia kama inavyoshambulia vijidudu, na kemikali zinazotolewa katika mapambano hayo huingia kwenye damu, zikadhuru kuta za mishipa, zikachochea mafuta kurundikana ndani yake na kuifanya damu igande upesi. Wakati huohuo neva za mapafuni hupeleka ishara zinazovuruga mapigo ya moyo na kupandisha presha. Chembe zilizo ndogo kuliko zote huweza hata kuvuka zenyewe: mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu waliojitolea walivuta chembe ndogo sana za dhahabu, na dhahabu hiyo ikaonekana katika damu na mkojo wao, na pia ndani ya mafuta yaliyoziba mishipa ya shingo ya wagonjwa waliokuwa wakingoja upasuaji.

"Watafiti wamelinganisha miji tu; pengine watu wa mji mchafu ndio wanaovuta sigara zaidi au walio maskini zaidi."

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na anayeitoa anastahili jibu kamili. Ni kweli kwamba huwezi kuchukua mji wenye moshi na mji usio na moshi, ukahesabu makaburi, kisha ukatangaza kuwa umepata sababu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walilijua hilo walipoanza, katikati ya miaka ya 1970, kuandikisha watu wazima katika miji sita ya Marekani, miongoni mwayo Steubenville ya Ohio, mji wa viwanda vya chuma, na Portage ya Wisconsin, mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Kila mshiriki aliulizwa kuhusu sigara, elimu, kazi na vumbi au moshi wa kazini, na uzito wake ukalinganishwa na urefu wake. Washiriki 8,111 walifuatiliwa kwa miaka 14 hadi 16, huku hewa ya miji yao ikipimwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1993, baada ya tofauti za umri, jinsia, sigara na mengineyo kuzingatiwa, kiwango cha vifo katika mji mchafu zaidi kilizidi kile cha mji safi zaidi kwa asilimia 26, na ongezeko hilo lilikuwa kubwa hasa katika vifo vya magonjwa ya moyo na mapafu.

Wenye viwanda walipinga, na wanasiasa wakadai data zichunguzwe upya. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo jema kwa sayansi, hata kama nia ya baadhi yao haikuwa njema. Kundi huru la watafiti lilipewa data zile, likazikagua, likajaribu njia nyingine za hesabu, na mwaka 2000 likathibitisha matokeo ya awali.

Hata hivyo kufuatilia watu hakutoshi peke yake, na ndiyo maana ushahidi wa aina nyingine una uzito mkubwa. Mwaka 2007 lilichapishwa jaribio ambalo wanaume 20 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, na ambao hali yao ilikuwa imetulia, waliketi na kufanya mazoezi ya wastani kwa saa moja katika chumba maalumu, siku moja wakivuta hewa safi na siku nyingine moshi wa dizeli uliopunguzwa makali. Siku ya moshi, kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kuwa misuli ya moyo ilikosa damu zaidi wakati wa mazoezi. Hapa hoja ya sigara na umaskini haina nafasi, kwa sababu mtu yuleyule alilinganishwa na nafsi yake.

"Madhara huja baada ya miaka mingi."

Huja hivyo, na huja pia ndani ya saa chache. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2001, uliohusisha wagonjwa 772 wa mshtuko wa moyo, uligundua kuwa hatari iliongezeka saa mbili tu baada ya chembe hewani kupanda. Miaka mitatu baadaye, watafiti wa Augsburg nchini Ujerumani walionyesha kwamba waliopata mshtuko wa moyo walikuwa mara nyingi wametoka kukaa katika msongamano wa magari, iwe ndani ya gari, basi au juu ya baiskeli, katika saa iliyotangulia. Uchafuzi wa miaka mingi huidhoofisha mishipa, na wa siku moja huweza kumwangusha aliyekwisha kudhoofika.

"Pasipo na moshi unaoonekana, hewa ni salama."

Macho si kipimo. Utafiti wa wazee zaidi ya milioni 60 wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliona hatari ya kifo ikiendelea kupanda pamoja na chembe hata katika maeneo yaliyokuwa chini ya mikrogramu 12 kwa mita ya ujazo, kiwango kilichoruhusiwa kisheria wakati huo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5. Hadi leo hakuna kiwango kilichopatikana ambacho chini yake moyo uko salama kabisa.

"Bibi yangu amepika kwa kuni maisha yake yote na ana miaka 90."

Mungu amzidishie umri. Lakini hatari ni jambo la kuhesabiwa katika watu wengi, na mtu mmoja aliyesalimika hawezi kuwasemea majirani zake waliokufa wakiwa na miaka 55 na ambao hakuna aliyeuliza kuhusu jiko lao. Kwa mtu mmoja ongezeko la hatari ni dogo, dogo sana kuliko lile la kuvuta sigara. Tofauti ni kwamba sigara huvutwa na baadhi ya watu, ilhali hewa huvutwa na wote, kuanzia mtoto mchanga, kila dakika, bila hiari. Asilimia chache juu ya mamilioni ya watu ni maelfu ya misiba.

"Kusafisha hewa hakubadilishi kitu."

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Dublin, ambako uuzaji wa makaa ya mawe yenye moshi ulipigwa marufuku mwaka 1990. Uchambuzi wa kwanza, wa mwaka 2002, ulisema vifo vya moyo vilipungua kwa takriban asilimia 10. Watafiti waliporudia hesabu baadaye, wakilinganisha na sehemu za Ireland zisizokuwa na marufuku, waliona kuwa vifo vya moyo vilikuwa vikishuka kote, hivyo havingeweza kuhusishwa na marufuku hiyo kwa uhakika. Kupungua kwa vifo vya magonjwa ya njia ya hewa kulibaki. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa wanaotetea hewa safi hawana haki ya kubaki na toleo la kwanza. Ushahidi ulio imara zaidi unatoka katika miji sita ileile: ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa pale hewa ilipoboreka zaidi, hatari ya kifo nayo ilipungua zaidi.

"Hayo ni mambo ya Marekani na Ulaya, hayatuhusu."

Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, utafiti mmoja mkubwa wa kufuatilia watu 157,436 ulifanyika katika nchi 21, Tanzania ikiwa mojawapo, na ukaonyesha kwamba kila ongezeko la mikrogramu 10 za chembe liliambatana na ongezeko la asilimia 5 la matukio ya magonjwa ya moyo na kiharusi. Pili, kwetu sehemu kubwa ya moshi iko ndani ya nyumba, na mpishi, ambaye mara nyingi ni mama au binti, huvuta kiasi kikubwa kuliko kile cha barabara yoyote ya Steubenville.

Kuna jambo hapa ambalo wauzaji wa majiko sanifu ya mkaa hawalisemi. Tafiti zilizounganisha hewa ya mijini, moshi wa sigara za wengine na sigara yenyewe zinaonyesha kuwa hatari ya moyo hupanda kwa kasi mwanzoni, kisha mwinuko hulegea kadiri moshi unavyozidi. Maana yake ni kwamba kupunguza nusu ya moshi katika jiko lililojaa moshi huenda kukaleta nafuu ndogo kwa moyo, kwa kuwa mpishi bado yuko katika sehemu ya juu ya mwinuko huo. Jiko linalookoa mkaa huokoa fedha na miti, na hilo si jambo dogo, lakini kwa moyo wa mpishi nafuu kubwa iko kwenye gesi au umeme, na mkaa usiwashwe tena pembeni kwa ajili ya maharage.