Usilifue Hilo Koti

Mwezi wa nne mwaka jana rafiki yangu wa South B, hapa Nairobi, alinipigia simu, sauti imemkauka. Miezi miwili kabla alikuwa amenunua mtandaoni koti la askari wa sayari isiyokuwapo, lililovaliwa kwenye kipindi kimoja cha Marekani cha miaka ya tisini. Alililipia koti, akalipia usafiri, akalipia ushuru uwanja wa ndege, na tangu siku hiyo alikuwa akilitoa kila jioni kulitazama tu. Sasa alikuwa ametoka kazini na kulikuta kwenye kamba nyuma ya nyumba, linachuruzika maji. Mama yake alikuwa amekuja kumtembelea kutoka mashambani.

"Mama, umelifua?"

"Nimelifua, mwanangu. Kola ilikuwa na uchafu wa mwaka mzima. Na kwapani, wee acha tu. Lile lilikuwa jasho la watu."

Mama hakukosea. Lilikuwa jasho la watu kweli, na rafiki yangu alikuwa amenunua lile jasho kuliko alivyonunua kitambaa.

Kazi yangu ni kutunza maleba. Tuliosoma fasihi shuleni tunalijua neno hilo: mavazi na vifaa vya mwigizaji. Nilianza kama msaidizi wa mavazi kwenye vipindi vya runinga hapa Nairobi, kazi ya kupiga pasi saa kumi na moja alfajiri na kushona kifungo mwigizaji akiwa ameshavaa shati. Baadaye nikajifunza uhifadhi wa nguo za zamani. Siku hizi chumba changu cha Ngara kimejaa maboksi ya watu wanaopenda bunilizi za kisayansi kuliko wanavyopenda usingizi. Anayeniletea kitu namwambia kwanza asikifue. Akiniuliza la pili, namwambia asikipake rangi, asikigundishe, na kama ni nguo, asiipige pasi.

Hili huwashangaza, kwa sababu kitu chenyewe kikifika huwa kinasikitisha. Mishono imekwenda upande, zipu imefichwa mahali pa ajabu, rangi imepulizwa mbele tu na nyuma pamebaki vilevile. Kitu cha runinga hakikutengenezwa kidumu. Kilitengenezwa kionekane sekunde chache, kamera ikiwa imesimama hatua nne mbali, na fundi wake alikuwa na siku tatu na bajeti ya kutia huruma. Star Trek, kipindi cha Marekani cha chombo cha angani, ilipoanza mwaka 1966, walinunua vichupa vya chumvi vya kisasa kwa ajili ya tukio moja la chakula. Vikaonekana vya kisasa mno, mtazamaji asingejua kwamba mle ndani kuna chumvi, basi vikahamishiwa kwa daktari wa chombo vikawa vyombo vyake vya kutibia. Huko BBC, Dalek, yule adui anayefanana na roboti kwenye kipindi cha Doctor Who, alijitokeza mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1963, siku tisa baada ya sisi kupata uhuru, na jioni hiyo watazamaji walionyeshwa mkono wake tu. Mkono wenyewe ulikuwa kile kipira cha kuzibulia sinki. Taifa zima likaogopa kifaa cha jikoni.

Kwa hiyo ukikutana na kifaa kama hicho, ukakisugua kikang'aa, ukakijazia mikwaruzo na kukipulizia rangi mpya upande wa nyuma, umekifanya kizuri kuliko alivyokiacha fundi wake. Hapo huna tena kitu cha runinga. Una kinyago chako mwenyewe.

Kisa ninachokipenda ni cha ule mfano mkubwa wa Enterprise, chombo cha angani cha Star Trek, wenye urefu wa mita 3.4 hivi, uliotumika kupiga picha za Star Trek ya kwanza. Umeundwa kwa mbao, plastiki na bati. Upande mmoja tu ndio uliopambwa kikamilifu, kwa sababu nyaya za taa ziliingilia upande wa pili na kamera haikuwahi kwenda huko. Mwaka 1974 ulipewa taasisi ya makumbusho ya Smithsonian kule Washington, na miaka iliyofuata ukatengenezwa mara kadhaa. Mwaka 1991 ulipakwa rangi upya na kuongezewa mistari mizito ambayo mashabiki wanailalamikia hadi leo. Wahifadhi walipoushika tena, kazi iliyokamilika mwaka 2016, waliupiga picha za eksirei na kuchunguza tabaka za rangi moja moja. Wakakuta kwamba sehemu ya juu ya lile sahani kubwa la mbele bado ina rangi ya miaka ya sitini. Mafundi wote waliotangulia walikuwa wameiruka. Wahifadhi wakaiacha hivyo hivyo, na kila rangi mpya waliyopaka kwingineko wakailinganisha na ile. Yaani ushahidi bora wa chombo kizima ulipatikana pale ambapo hakuna aliyejitia hodari.

Rangi, kwa kweli, ni mtego. Shati la nahodha wa kipindi hicho, ambalo kila mtu anajua ni la dhahabu, machoni ni la kijani, kijani cha parachichi lililoanza kuiva. Taa na filamu ndizo zilizoligeuza. Nimewahi kumwona mtu akikataa shati halisi kwa sababu "rangi si yenyewe". Na mashati hayo ya misimu miwili ya kwanza yalikuwa ya mahameli, ambayo yalisinyaa kila yalipopelekwa kwa dobi, hata msimu wa tatu wakahamia nailoni. Ukimsimulia mama wa South B habari hizo, labda atakuelewa.

Msimu huohuo wa kwanza ndimo alimokuwa mwigizaji Nichelle Nichols katika gauni jekundu, akiitwa Uhura, jina lililochongwa kutoka neno letu wenyewe, uhuru. Gauni lake moja liko leo katika jumba la makumbusho la historia na utamaduni wa Wamarekani weusi huko Washington. Nikilitazama kwenye picha naangalia kola na pindo kwanza. Ugonjwa wa kazi.

Lakini turudi kwenye uchafu. Wauza mitumba wa Gikomba nguo bora inayotoka kwanza kwenye bale huiita "kamera". Huku kwetu kamera ndiyo inayoamua kila kitu: je, kasoro hii iliyo mkononi mwangu inaonekana kwenye kipindi? Unasimamisha picha, unatafuta mkunjo, doa la vipodozi kwenye kola, uzi uliotoka, mahali ambapo mistari ya kitambaa inakutana mshononi. Mistari haikutani sawasawa kwenye nguo mbili hata kama zimeshonwa na fundi mmoja siku moja. Ukipata alama tatu au nne zinazolingana, una koti lililokuwa mbele ya kamera. Usipopata, una koti zuri tu. Tofauti ya bei kati ya hayo mawili ni ya kutisha, na hapa sizungumzii vitu vikubwa. Vikubwa vina soko lao: kwenye mnada wa Christie's wa mwaka 2006, mfano mmoja wa Enterprise ya kipindi kilichofuata ulikwenda kwa dola 576,000.

Lebo zinasaidia pia. Kampuni za mavazi kama Western Costume ya Hollywood zilishona ndani ya nguo lebo yenye jina la mwigizaji. Lakini lebo ni kitambaa kidogo, na kitambaa kidogo huhama. Mimi hutazama uzi. Ukipata nyuzi mbili zilizolegea zenyewe, moja ya lebo na moja ya mshono, zichome ncha mbali na nguo: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, polyesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Zikitofautiana, uliza maswali. Kisha zima taa, uwashe ile taa ya zambarau wanayokagulia noti bandia madukani. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha ambayo hubaki kwenye kitambaa na kuwaka buluu chini ya taa hiyo. Nguo isiyowahi kuonja sabuni ya aina hiyo mara nyingi hukaa kimya.

Jasho nalo lina madhara, sitaki kuficha. Lina chumvi na asidi, na hariri hulika kwapani hadi ikapasuka. Kwa hariri ninapima, nalifikiria usiku mmoja, mara nyingine nasafisha kidogo mahali pale tu. Kwa sufu na nailoni naacha. Vumbi nalitoa kwa mashine ya kufyonza iliyopunguzwa nguvu, mdomo wake umefunikwa chandarua, bila kugusa nguo.

Adui mkubwa kuliko sabuni ni kemia ya kitu chenyewe, na hapa Nairobi ana washirika wawili. Vinyago vya viumbe wa sayari nyingine, mapaji ya nyuso, masikio, mikono yenye magamba, vingi ni mpira wa asili uliopigwa ukajaa hewa, kisha ukaokwa. Vilitengenezwa kuvaliwa siku moja. Vikibanduliwa usoni, kingo zake huchanika, ndiyo maana vilivyosalia vizima ni vichache. Mpira huu huliwa na oksijeni na mwanga. Halafu kuna sponji ya poliyurethani ndani ya mabega na kofia. Aina moja huvunjwa na unyevu, ikawa nta ya kunata. Nyingine huvunjwa na mwanga, ikawa unga. Sisi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, jua letu ni kali kuliko linavyohisiwa na ngozi, na mvua za masika zikianza kuta zinatoka jasho. Kila kitu kinapata adui wake.

Mimi mwenyewe niliua paji moja la uso hivyo. Lilikuwa la kiumbe wa nyuma, yule anayepita mara moja kwenye ujia na haonekani tena. Nililiweka kwenye rafu karibu na dirisha kwa sababu nilipenda kulitazama. Mwaka wa kwanza liligeuka hudhurungi. Wa pili likawa gumu kama mandazi ya juzi. Siku moja nililiinua kupangusa vumbi, na nusu yake ikabaki kwenye rafu.

Sasa vitu vya mpira navifungia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vinavyonyonya oksijeni ambavyo huwekwa kwenye pakiti za vyakula, na ndani ya kinyago natia umbo la kukishikilia kisijikunje. Giza, na ubaridi kadiri chumba kinavyoruhusu. Vifungo vya shaba natenganisha na mpira, maana shaba huharakisha kuoza kwa mpira, na salfa iliyo kwenye mpira huichafua shaba. Vitu vya mahameli na vya kunyumbuka havitundikwi, hulazwa. Unyevu ukizidi asilimia 65 kuvu huamka, kwa hiyo kipimo kinakaa ndani ya kila kabati, na kuanzia Machi nakiangalia kama wengine wanavyoangalia bei ya unga. Zile tembe nyeupe za kufukuza nondo sitaki kuziona, kwa sababu mvuke wake hulainisha plastiki za aina fulani. Mifuko ya plastiki laini ya kufunikia suti pia hapana: baada ya muda hutoa mafuta yanayonata kwenye nguo.

Cha kufunikia ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Wanaagiza karatasi maalumu kutoka ng'ambo wakati Biashara Street kuna marekani, ile pamba ghafi isiyopaushwa. Ichemshe, isuuze mara tatu bila sabuni ili wanga wa kiwandani utoke, ianike kivulini. Inatosha kabisa. Jina lake lilitokana na wafanyabiashara wa Marekani walioileta Unguja karne ya 19, kwa hiyo nguo za Hollywood ninazotunza zinalala ndani ya shuka la kwao. Huwa nawaambia wateja hilo. Wengi hawacheki.

Koti la rafiki yangu lilifika Ngara likiwa limekauka na kupigwa pasi. Chini ya taa ya zambarau liliwaka kama bango la kilabu. Doa la kola, ambalo tulikuwa tumelipata kwenye kipindi, limepungua ila halijaisha. Hatukulitia dawa yoyote. Tulilipiga picha ndani na nje, kisha kwenye kadi yake nikaandika tarehe, sabuni ya unga, maji ya bomba, kamba ya nje, pasi ya moto wa kati. Rafiki yangu aliniuliza kama ni lazima tuandike ni nani aliyefua. Nikamwambia ndiyo. Akaandika mwenyewe: Mama.

Kwenye rafu ya chini kabisa, mbali na dirisha, nina kofia ya roboti. Niliitengeneza mwenyewe zamani kwa ajili ya kipindi cha watoto cha hapa kwetu ambacho hakikufika mbali. Ni jerikani ya lita ishirini iliyokatwa uso, na rangi ya fedha ya kupuliza. Vipindi vilipokwisha walitaka kuitupa, nikaondoka nayo kwenye matatu, nimeipakata. Hakuna aliyewahi kuniuliza bei. Plastiki ya jerikani haishiki rangi vizuri, nilijua hivyo hata siku ile, lakini tulikuwa tunaanza kurekodi saa mbili asubuhi. Sasa fedha inabanduka vipande vidogo vyembamba kama magamba ya samaki. Naviokota kwa kibano, naviweka kwenye bahasha, naandika tarehe. Niko kwenye bahasha ya tisa.